Bagamoyo: mwisho wa njia iliyoanzia kwetu Maniema

Wakati wa kutayarisha kitabu hiki mwenzetu mmoja aliuliza: "Bagamoyo iko Tanzania. Inatafuta nini mu kitabu cha desturi zetu?" Swali lake lilikuwa la haki. Siku ile nilimjibu kwa maneno mawili matatu, leo namjibu kwa maandishi.

Kila njia ina ncha mbili. Ile njia iliyoishia Bagamoyo, kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi, ncha yake ya pili ilikuwa kwetu: Kabambare, Kasongo, Nyangwe. Wageni wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuangalia ncha ile ya bahari. Wanapiga picha, wanasikiliza historia, wanarudi kwao. Lakini mtu anayeona ncha moja bila kujua ile ya pili, ameona nusu tu. Na sisi watu wa Maniema njo tuko na ile nusu nyingine. Tukinyamaza, wengine watahadisia mambo yetu bila sisi.

Njia ya kufika

Anayetaka kwenda anaweza bado kufuata alama za wazee. Kutoka Kalemie anavuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Pembeni ya Kigoma kuna Ujiji. Pale asipite haraka. Ujiji ilikuwa soko kubwa la misafara, na mpaka leo kuna familia nyingi zinazoitwa Wamanyema, watu ambao babu zao walitoka upande wetu. Mtu wa Kasongo akisalimia pale, anaulizwa ukoo kabla ya kuulizwa safari. Kuna vilevile miembe ya zamani na mnara unaokumbusha mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871.

Toka Kigoma kuna reli mpaka Dar es Salaam. Reli ile ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa ilifuata upande ule ule wa njia ya misafara. Mahali ambapo mbeba mizigo alitembea miezi mitatu na zaidi, leo mtu analala ndani ya gari la moshi. Kisha Dar es Salaam unapanda basi kwenda kaskazini, kilometa kama 70, na unaingia Bagamoyo.

Mji wenyewe si mkubwa. Kuko minazi, mashua za matanga ufukweni, soko la samaki, mafundi wa kuchonga milango. Kuko vilevile Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho vijana wanajifunza ngoma, michezo ya kuigiza na muziki, na kila mwaka kunafanyika tamasha. Mtu asiyejua atasema ni mji wa kupumzika. Lakini ukitembea polepole katika vichochoro vya mawe unaona kuta zilizobomoka, milango yenye nakshi, nyumba ambazo paa limeanguka na mti umeota ndani. Hapo njo unaanza kuuliza: ni nani walijenga hapa, na walipata wapi feza?

Jina la mji

Watu wengi wanasema jina limetoka kwa maneno "bwaga moyo". Lakini maana yake wanaigawanya. Wengine wanasema ni maneno ya mtumwa: hapa naacha moyo wangu, juu mbele yangu kuna bahari na sitarudi tena. Wengine wanasema ni maneno ya mbeba mizigo: hapa natua mzigo, moyo upumzike, safari imekwisha.

Kila kiongozi wa wageni anachagua maana anayopenda, na mara nyingi anachagua ile ya machozi. Mimi nafikiri inafaa tuzishike zote mbili, maana watu wa aina zote mbili walipita. Wabeba mizigo wengi wa njia ile walikuwa watu huru, zaidi sana Wanyamwezi, waliopatana mshahara wao na mwenye msafara. Mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, ni kusema kilo kama 32, kutoka bara mpaka pwani. Yeye alipoona bahari alifurahi kabisa. Lakini katika msafara ule ule kulikuwa na wengine ambao hakuna aliyepatana nao kitu. Wao furaha ile haikuwahusu.

Kaole

Mwendo wa kilometa kama tano kusini ya mji kuna magofu ya Kaole. Hapa njo wazee wa Bagamoyo wanaanzia historia yao, na ni vizuri mgeni naye aanzie hapa. Kuna magofu ya misikiti miwili, mmoja wapo unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi zaidi ya 20. Makaburi mengine yana nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Juu ya nguzo walipachika bakuli za China, alama ya kwamba watu wale walifanya biashara na inchi za mbali sana. Pembeni kuna mbuyu mkubwa, na watu wanasimulia mengi juu yake.

Kaole inatufundisha jambo moja: pwani ile ilikuwa na miji yake, misikiti yake na luga yake karne nyingi kabla ya msafara wa kwanza kufika Maniema. Kiswahili hakikuzaliwa katika biashara ya watu. Kilikuwa tayari na heshima yake. Tulikumbuke jambo hili, tutalirudilia mbele.

Mji wa pembe na vitambaa

Bagamoyo yenyewe ilipata nguvu katika karne ya 19, wakati Masultani wa Zanzibar walitawala pwani. Kisiwa cha Zanzibar kiko ng'ambo tu, mashua inavuka kwa upepo wa siku moja. Vitu vilivyotoka Zanzibar kwenda bara vilishushwa Bagamoyo: nguo za merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Vitu vilivyotoka bara kwenda Zanzibar vilipakiwa hapo hapo, na kitu cha kwanza kilikuwa pembe za tembo.

Jina "merikani" lenyewe ni historia. Ilikuwa nguo ya pamba iliyofumwa Marekani, ikaletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wao. Kipande cha merikani kilifika mpaka Lualaba, na kwetu kilikuwa sawa na feza. Na pembe iliyotoka Maniema ilikwenda kutengenezwa vifungo vya piano na mipira ya biliardi Ulaya na Marekani. Watu waliopiga piano zile hawakujua hata jina la Kasongo.

Katika mji wa zamani mgeni anaonyeshwa uwanja wa misafara, mahali ambapo wabeba mizigo walipiga kambi. Anaonyeshwa Ngome Kongwe, ambayo kwanza ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara Mwarabu, iliyojengwa karibu mwaka 1860. Anahadisiwa vilevile juu ya Wahindi wa Bagamoyo. Aliyejulikana zaidi alikuwa Sewa Haji, aliyekufa mwaka 1897. Yeye njo alikuwa akitayarisha misafara: anatafuta wabeba mizigo, anatoa vitambaa na shanga. Feza alizopata alitoa sehemu yake kwa kujenga shule na hospitali, ambayo ni mwanzo wa hospitali kubwa ya Muhimbili ya leo Dar es Salaam.

Kutoka hapa mpaka Ujiji ni kilometa kama 1,200. Kisha misafara ilivuka ziwa, ikashukia Mtowa, kaskazini kidogo ya Kalemie ya leo, ikapanda kwenda Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Mtu aliyejulikana zaidi katika njia ile ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye sisi tunamwita Tippu Tip. Alizaliwa Zanzibar, akawa na nguvu Kasongo, na mwaka 1887 Serikali Huru ya Kongo ikamweka kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Alikufa Zanzibar mwaka 1905. Maisha yake aliyasimulia yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kile kinasomwa mpaka leo.

Ule mnyororo kwenye mbuyu

Mwaka 1868 mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu, waliotoka Ufaransa, walifungua misheni Bagamoyo. Walinunua watu katika soko la watumwa Zanzibar, wakawapa uhuru, wakajenga nao kijiji. Mwaka 1872 dhoruba kali iliangusha nyumba nyingi, wakaanza tena. Leo misheni ina makumbusho mazuri. Ndani kuna picha za zamani, na kuna minyororo ya kweli, ile ya kufunga shingo. Mtu wa kwetu akiiona hawezi kusema neno. Mimi nilisimama pale mpaka mwenzangu akaja kunivuta mkono.

Nje kuna mbuyu uliopandwa na wamisionari wa kwanza. Shinani kuna kipande cha mnyororo kimetokeza, sehemu nyingine mti umeimeza. Wageni wengi wakikiona wanashika kichwa: hapa njo walifungwa babu zetu! Nami niliwaza vile. Kumbe si hivyo. Watu wa misheni wanasimulia kwamba kulikuwa na mama mmoja Mfaransa, madamu Chevalier, aliyetunza wagonjwa. Mnyororo ule aliufungia punda wake. Mti ukakua, ukaumeza.

Nilipoelezwa hayo, nilisikia haya kidogo, maana machozi yangu yalikuwa yamekwisha kutoka. Kisha nikafikiri sana. Minyororo ya kweli iko ndani ya kioo, watu wanaipita haraka. Mnyororo wa punda uko nje, watu wanaulilia. Historia yetu nayo iko hivyo. Tukipenda kulia tu bila kuuliza, tutalia penye punda na kupita penye watu.

Kwa sababu hiyo inafaa kusema jambo jingine ambalo wengine hawapendi kulisikia. Wanahistoria wanaonyesha kwamba watumwa wengi waliopelekwa Zanzibar walipitia Kilwa, kutoka upande wa ziwa Nyasa. Njia ya Bagamoyo ilikuwa kwanza njia ya pembe. Watu waliokamatwa Maniema, wengi hawakufika baharini. Walibaki njiani: Ujiji, Unyanyembe karibu na Tabora, ao walibaki kwetu kwetu, wakalima mashamba ya mabwana wapya Kasongo na Nyangwe, wakabeba pembe, wanawake wakaolewa bila kuulizwa. Je, hiyo inapunguza uchungu? Hapana. Inatuambia tu mahali pa kutafuta. Wengi wa watu wetu waliopotea hawako chini ya bahari. Wako ndani ya familia zetu wenyewe.

Mnara wa Livingstone na wamama wa Nyangwe

Misheni ina kanisa la zamani, na mnara wake wa mwaka 1872 unaitwa mnara wa Livingstone. Daktari Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 kwa Chitambo, katika inchi ambayo leo ni Zambia. Wafanyakazi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilometa 1,500, miezi karibu tisa. Katika kundi lile kulikuwa na mama Halima, mpishi wake. Walifika Bagamoyo mwezi wa pili mwaka 1874, mwili ukalala kanisani, kisha ukavushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Ulizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Kila mgeni anaonyeshwa mlango ule.

Lakini kuna safari nyingine ya Livingstone ambayo sisi tunapaswa kuisimulia mbele ya mnara ule, maana ilitoka kwetu. Livingstone alikaa Maniema muda mrefu. Aliugua Kabambare, na mwaka 1871 akafika Nyangwe, kando ya Lualaba. Nyangwe ilikuwa na soko kubwa. Wamama walitoka pande mbili za mto na samaki, chumvi, kuku, vyungu, mafuta ya mawese. Kulikuwa na desturi ya zamani: siku ya soko hakuna vita. Hata makabila yaliyogombana, wamama wao walipita na mizigo yao bila kuguswa.

Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki wa kundi la mfanyabiashara mmoja jina lake Dugumbe waliingia sokoni wakaanza kupiga risasi. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, ikazama. Wengine waliogelea, maji yakawachukua. Livingstone alikuwa pale, aliona kwa macho yake. Aliandika kwamba waliokufa walihesabiwa kati ya 330 na 400. Wengi walikuwa wanawake.

Livingstone alishindwa kuendelea na safari. Alirudi Ujiji mgonjwa na mwenye huzuni, na hapo njo Stanley alimkuta. Stanley alipeleka barua zake Ulaya. Habari ya Nyangwe ilipochapishwa Uingereza, watu walishtuka, na serikali yao ikazidi kumsukuma Sultani Barghash wa Zanzibar. Mwezi wa sita mwaka 1873 Sultani alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Kulikuwa na sababu nyingine vilevile, za siasa na za biashara. Lakini damu ya wamama wa Nyangwe ilikuwa moja ya sababu.

Angalieni basi jambo hili. Mwanaume mmoja aliyeandika habari ana mnara baharini na kaburi London. Wamama waliouawa hatujui hata majina yao. Simlaumu Livingstone, maana bila kalamu yake hata idadi hatungeijua. Nauliza tu sisi wenyewe: desturi ya soko la amani, ambayo ilikuwa ya wazee wetu na ambayo ilivunjwa siku ile, nani anaifundisha watoto? Hiyo ni desturi yetu kabisa. Haikutoka pwani, haikutoka Ulaya.

Kutoka bahari mpaka bahari

Kuna njia nyingine inayounganisha Bagamoyo na Kongo. Mwaka 1873 Cameron alitoka Bagamoyo, mwaka 1874 akafika Nyangwe, mwaka 1875 akatokea Benguela, bahari ya mangaribi. Stanley alitoka Bagamoyo mwezi wa 11 mwaka 1874, akashuka Lualaba toka Nyangwe akisindikizwa kwanza na Tippu Tip, na tarehe 9 Agosti 1877 akafika Boma, karibu na mdomo wa mto. Zilikuwa siku karibu 1,000. Wazungu watatu walioondoka naye walikufa wote njiani, na watu wa pwani waliokufa ni wengi sana.

Basi bandari ya Bagamoyo ilizaa bandari ya Boma, ikiwa naweza kusema vile. Baada ya safari ile, Leopold wa Pili alijua mto unapita wapi. Mwaka 1886 Boma ikawa makao makuu ya Serikali Huru ya Kongo. Pembe zetu, ambazo zilikuwa zikielekea mashariki, zikageuzwa kuelekea mangaribi. Kati ya 1892 na 1894 kukawa vita ya serikali ile na mabwana wa Kiswahili na Kiarabu. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893. Katika vitabu vya Wabelgiji vita ile iliitwa vita ya kumaliza utumwa. Wazee wetu walijua kwamba mabwana walibadilika, mizigo ikabaki. Baada ya pembe ilikuja mipira, na kiboko.

Bagamoyo nayo ilipata mabwana wapya. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilitaka kuchukua pwani, watu wakakataa. Aliyewaongoza alikuwa Abushiri bin Salim. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann na askari wake, na Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa 12 mwaka 1889. Wissmann huyo hakuwa mgeni kwetu. Alipita Nyangwe mwaka 1882 akivuka Afrika, na mwaka 1884 alianzisha kituo cha Luluabourg, Kananga ya leo. Mtu mmoja, na alama zake ziko Kasai na ziko Bagamoyo.

Leo mgeni anaonyeshwa Boma ya Wajerumani ya mwaka 1897, nyumba ya forodha, makaburi ya askari wao, na mahali walipowanyonga watu waliopinga. Lakini Wajerumani wenyewe walikwisha kuhamisha makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, maana pwani ya Bagamoyo haina kina, meli kubwa hazikaribii. Reli nayo ikaenda Dar es Salaam. Hapo njo mji ukalala. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Wabelgiji walipata nafasi zao bandarini Kigoma na Dar es Salaam, na vitu vya Kongo vikaendelea kupita upande ule. Mpaka leo mizigo mingi ya Kongo inapita Dar es Salaam. Njia haikufa. Iliacha tu kupita Bagamoyo.

Luga na jina la Mungwana

Sasa narudi kwa swali la mwenzetu. Bagamoyo inatafuta nini katika desturi zetu? Jibu liko mdomoni mwake yeye mwenyewe, maana aliuliza kwa Kiswahili.

Luga hii ilikuja kwetu na misafara. Ilikuja pamoja na mchele, ambao leo harusi ya Maniema haifanyiki bila huo, pamoja na miembe, na dini ya Uislamu yenye misikiti yake Kasongo. Ilikuja vilevile pamoja na baruti. Kwa sababu hiyo kuna watu wanaosema Kiswahili ni luga ya waliotukamata. Na kuna wengine wanaosema wale wa pwani walileta maendeleo tu, ya utumwa tusiyafukue. Mimi naona wote wawili wanalia penye punda.

Angalieni neno "Mungwana". Pwani, mwungwana ni mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa wa mtu. Kwetu, Wangwana ni wale waliofuata desturi za pwani: kanzu, Kiswahili, Uislamu, nyumba ya pembe nne. Lakini ni nani walikuwa wale? Waliotoka pwani kweli walikuwa wachache. Wengi walikuwa watoto wa Maniema wenyewe. Wengine walijiunga kwa hiari, wengine walikamatwa wadogo, wakafundishwa bunduki, wakatumwa kwenda kukamata wengine. Sehemu nyingine za Kongo waliwaita Matambatamba, na jina hilo lilikuwa la kutisha. Basi watu waliochukuliwa kwa nguvu walijiita kwa jina la mtu huru. Mwingine ataona ni uongo. Mimi naona ni namna yao ya kudai kitu kilichochukuliwa.

Na hapa njo kuna jambo gumu la leo. Katika vijiji vyetu bado kuna familia zinazonong'onezwa: "Wale si wa hapa, bibi yao alinunuliwa." Neno hilo linatoka siku ya ndoa, linatoka siku ya kugawanya mashamba, linatoka wakati wa kumchagua mkubwa wa ukoo. Hakuna anayelisema wazi, na hakuna anayelisahau. Miaka zaidi ya 130 imepita tangu Nyangwe ianguke, lakini bei ya yule bibi bado inahesabiwa juu ya vijukuu vyake. Mnyororo huu haumo ndani ya kioo cha makumbusho.

Tufanye nini

Mwaka 2006 Tanzania iliandikisha njia ya pembe na watumwa, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, katika orodha ya kungojea ya urithi wa dunia kwa UNESCO. Ni jambo zuri. Lakini njia haikuishia Ujiji, ziwa halikuikata. Mwaka 2022 inchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili ni moja ya luga nne za taifa katika katiba yetu ya mwaka 2006. Wakati umefika wa kusema kwamba Kabambare, Kasongo na Nyangwe ni sehemu ya njia ile ile.

Hatuhitaji kungojea feza nyingi. Kwanza, kila mmoja wetu aketi na wazee wake na aandike: majina ya mahali, ya masoko ya zamani, ya koo zilizotoka mbali. Pili, tarehe 15 Julai tuikumbuke, hata kwa kusimama dakika moja sokoni, juu ya wamama wa Nyangwe. Tatu, na hili halina gharama yoyote, tuache kumwuliza mtoto bibi yake alitoka wapi kwa nia ya kumpunguza. Anayeuliza aulize kwa kutaka kumwandika pamoja na wengine.

Siku ya mwisho Bagamoyo nilikwenda ufukweni jioni, maji yamekupwa, vijana wanacheza mpira juu ya mchanga. Mzee mmoja mvuvi aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia, Kasongo, Kongo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Karibu nyumbani, mwanangu. Kiswahili chako nakisikia." Mimi sikusema kitu. Wote wawili tulijua kile Kiswahili kilipita njia gani mpaka kunifikia. Hakuna aliyeona haya, na hakuna aliyejifanya hajui. Akanigawia samaki wa kuchoma, nikala.

Nawatakia na nyinyi safari njema.